Mpangilio wa Maneno na Uhamishaji wa Hifadhidata Kongwe

1. Utangulizi

Kazi ya kukusanya na kutunza msamiati, ambayo zamani ilifanywa kwa kadi za karatasi zilizopangwa katika visanduku, siku hizi hufanywa aghalabu kwa hifadhidata, yaani mkusanyo wa majedwali yanayotunzwa na programu maalumu ndani ya kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine, ambayo huitwa seva. Faida za badiliko hilo ni dhahiri na hazihitaji kutetewa hapa. Lililo muhimu ni kwamba hifadhidata, kinyume cha kisanduku cha kadi, haiwezi kuachwa mahali pamoja kwa miaka mingi bila ya kuguswa. Programu inayoiendesha huzeeka. Watengenezaji wa PostgreSQL, kwa mfano, programu ambayo asili yake ni mradi ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, hulihudumia kila toleo kubwa kwa muda wa miaka mitano tu. Baada ya hapo kasoro za usalama zinazogunduliwa katika toleo hilo hazirekebishwi tena. Vivyo hivyo, mfumo wa uendeshaji wa CentOS 7, ambao ulitumiwa na seva nyingi ulimwenguni, ulikoma kuhudumiwa tarehe 30 Juni 2024. Mwenye hifadhidata kongwe, basi, hana budi kuihamisha, apende asipende.

Kazi hiyo huchukuliwa kuwa ni ya fundi peke yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ndani yake mna suala la lugha, nalo ni suala la mpangilio wa maneno; kwamba suala hilo lisipotambuliwa, maneno yaliyomo katika hifadhidata yaweza kuwa hayaonekani ingawa hayakupotea; na kwamba ziko njia zinazojulikana za kuiepuka hatari hiyo. Mifano itatolewa katika programu ya PostgreSQL, kwa kuwa huko ndiko tatizo lenyewe lilikojitokeza waziwazi baada ya mwaka 2018.

2. Mpangilio si sehemu ya maneno yenyewe

Mtu aliyezoea kamusi huelekea kudhani kwamba mpangilio wa maneno umo ndani ya maneno yenyewe, na kwamba anayejua alfabeti amekwisha kuujua. Historia ya kamusi za Kiswahili yatosha kuonyesha kwamba sivyo. Katika kamusi ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, maneno mengi yaliyonyambuliwa yaliwekwa chini ya mashina yake, hata msomaji alilazimika kulijua shina kabla ya kulitafuta neno. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotayarishwa na TUKI na kutolewa mwaka 1981, nomino hutafutwa kwa herufi ya kwanza ya umbo lake, wala si kwa shina la kitenzi lilikotoka. Alfabeti ni ile ile. Kilichotofautiana ni uamuzi wa watungaji juu ya namna ya kuitumia.

Uamuzi wa namna hiyo wahitajika hata katika mambo madogo. Na lichukuliwe suala la ng', sauti ambayo huandikwa kwa herufi mbili pamoja na ritifaa. Yapo majibu matatu yanayowezekana kuhusu mahali pa neno kama ng'ombe. Kwanza, yaweza kuamuliwa kwamba ng' ni herufi moja inayojitegemea, na kwa hivyo maneno yote yaanzayo kwayo yakae pamoja baada ya maneno yote ya ng. Pili, yaweza kuamuliwa kwamba ritifaa haihesabiwi katika kupanga, na kwa hivyo ng'ombe likae baina ya ngoma na ngome. Tatu, yaweza kuamuliwa kwamba ritifaa ni alama kamili inayotangulia herufi zote, na kwa hivyo ng'ombe litangulie hata ngamia.

Jibu la tatu ndilo litokealo pale kompyuta inapoachwa ipange kwa namba za alama tu. Katika orodha ya namba hizo ritifaa iliyonyooka ni 39, kistari kifupi ni 45, herufi kubwa ni 65 mpaka 90, na herufi ndogo ni 97 mpaka 122. Kwa hesabu hiyo Zanzibar hutangulia asali, jambo ambalo hakuna mtungaji wa kamusi angelikubali. Kwa sababu hiyo kompyuta hupewa kanuni zilizo karibu zaidi na desturi za lugha. Hakuna lililo kosa kwa dhati yake miongoni mwa majibu matatu yaliyotajwa. Kosa ni kupanga kwa jibu moja na kutafuta kwa jibu jingine.

Sasa yafaa kuuliza: kanuni hizo zakaa wapi? Wengi wangejibu kwamba zimo ndani ya hifadhidata. Kwa muda mrefu haikuwa hivyo katika PostgreSQL. Programu hiyo ilipotaka kujua ni neno lipi lililotangulia jingine, iliuliza maktaba ya programu iliyomo katika mfumo wa uendeshaji, ambayo katika mifumo mingi ya Linux huitwa glibc. Hifadhidata ilitunza maneno; hukumu ya mpangilio ilitolewa na mwingine. Naye huyo mwingine aliweza kubadilishwa bila ya mwenye hifadhidata kutambua.

3. Faharasa na kanuni iliyoijenga

Ili kuelewa kwa nini badiliko hilo lina madhara, hapana budi kueleza kwa ufupi jinsi hifadhidata inavyotafuta neno. Jedwali likiwa na maneno laki moja, programu haiyasomi yote kila inapoulizwa. Huwa na faharasa, yaani orodha iliyokwisha kupangwa, ambamo kila neno limeonyeshwa mahali lilipo katika jedwali. Katika kutafuta, programu hulinganisha neno linalotakiwa na neno lililo katikati. Likiwa linatangulia, huenda upande wa kushoto na kuuacha upande wa kulia wote. Likiwa linafuata, hufanya kinyume chake. Kwa njia hiyo hupunguza eneo la kutafuta mara kwa mara mpaka ilifikie neno. Faharasa halisi huwa na matawi mengi zaidi ya mawili kwa kila kituo, lakini msingi ni huo huo: kila hatua huacha sehemu kubwa ya orodha bila ya kuitazama, kwa kuamini kwamba mpangilio ni sahihi.

Na ichukuliwe faharasa ndogo ya maneno saba, iliyopangwa kwa kanuni isiyoihesabu ritifaa:

ngamia, ngano, ngazi, ngoma, ng'ombe, ngome, nguo.

Tuseme kanuni imebadilika, na sasa ritifaa inahesabiwa kuwa inatangulia herufi zote. Programu yatakiwa kulitafuta neno ng'ombe. Neno la katikati ni ngoma. Kwa kanuni mpya, alama ya tatu ya ng'ombe, ambayo ni ritifaa, inaitangulia alama ya tatu ya ngoma, ambayo ni o. Kwa hiyo programu yaenda kushoto, na yaacha upande wa kulia, ambako neno lenyewe limo. Kushoto yakuta ngano katikati, na kwa sababu ile ile yaenda kushoto tena. Yakuta ngamia, yaenda kushoto kwa mara ya tatu, na huko hamna kitu. Jibu latolewa kwamba neno ng'ombe halimo. Nalo limo, katika nafasi ya tano, na katika jedwali halikuguswa hata kidogo.

Katika mwenendo huo hakuna onyo lolote linalotolewa, kwa kuwa kila hatua imefanywa sawasawa kwa mujibu wa kanuni iliyopo. Madhara yake ni ya namna tatu. La kwanza ni neno kukanushwa, kama ilivyoelezwa. La pili ni neno kurudiwa: mtafiti akiambiwa kwamba ng'ombe halimo, ataliingiza upya, na ile sharti ya kwamba neno lisiingizwe mara mbili haitamzuia, kwa sababu sharti hiyo nayo hutegemea faharasa ile ile. Hifadhidata itakuwa na ng'ombe wawili, mmoja mwenye maelezo ya miaka mingi na mwingine mtupu. La tatu ni kukatika kwa viungo baina ya majedwali: sentensi ya mfano inayotakiwa kufungamanishwa na neno yaweza kukataliwa kwa hoja kwamba neno hilo halipo.

Aidha, kasoro hii hutokea hapa na pale. Neno nguo bado litapatikana, na ngazi kadhalika. Hata swali la kuhesabu maneno yote laweza kujibiwa sawasawa, kwa kuwa hesabu hiyo haihitaji kulinganisha neno na neno. Ndiyo maana hifadhidata yaweza kutumika kwa miezi kadhaa kabla ya mtu yeyote kushuku, na katika muda huo maneno yaliyorudiwa huzidi kuongezeka.

4. Badiliko la mwaka 2018

Mfano uliotolewa umerahisishwa ili ufuatike. Lakini tukio lenyewe si la kubuni. Mwezi wa Agosti 2018 lilitolewa toleo la 2.28 la glibc, ambamo data za upangaji zilibadilishwa ili zilingane na toleo la mwaka 2016 la kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 14651. Badiliko lilikuwa la manufaa, kwani data za awali zilikuwa zimepitwa na wakati. Hata hivyo, liligeuza mpangilio wa maneno katika lugha nyingi kwa wakati mmoja. Kipimo chepesi kilichoenea miongoni mwa mafundi ni cha maandishi mawili tu, 11 na 1-1. Kwa kanuni ya Kiingereza cha Marekani, glibc ya kabla ya 2.28 huanza na 11. Ile ya 2.28 na zilizofuata huanza na 1-1.

Toleo hilo liliingia katika Debian 10 na Red Hat Enterprise Linux 8, mifumo ambayo yote miwili ilitolewa mwaka 2019. Aliyetoka katika toleo la nyuma la mfumo wowote kati ya hiyo, huku akizichukua faharasa zake kama zilivyokuwa, alijiweka katika hatari iliyoelezwa, hata kama toleo la PostgreSQL lenyewe halikubadilika. Safu za namba hazikudhurika, kwa sababu namba hulinganishwa kwa thamani yake. Hatari ilikuwa katika safu za maandishi.

Hapa ndipo wanaisimu wanapohusika kuliko watu wengine. Orodha ya majina ya kawaida yasiyo na alama yaweza kuvuka badiliko kama hilo bila ya kuguswa. Data za isimu, kinyume cha hayo, zimejaa alama. Viambishi huandikwa kwa vistari, kama m-, wa- na -ni. Mizizi huandikwa -pend- na -som-. Ngeli hutajwa kwa namba zilizotenganishwa na mkwaju, kama 1/2 na 9/10. Na Kiswahili kina ritifaa yake. Alama za namna hiyo ndizo ambazo kanuni za upangaji hutofautiana sana juu yake. Hifadhidata ya msamiati, kwa hivyo, imo katika hatari kubwa kuliko hifadhidata ya mishahara.

5. Njia za kuhamisha

Njia za kuhamisha hifadhidata ya PostgreSQL zaweza kugawanywa katika mafungu mawili: zile zinazobeba maneno na kuziacha faharasa zijengwe upya, na zile zinazobeba kila kitu kama kilivyo.

Katika fungu la kwanza imo njia ya kutoa na kurudisha, ambayo hutumia programu ya pg_dump. Majedwali huandikwa nje, kisha seva mpya huyasoma na kujijengea faharasa kwa kanuni yake yenyewe. Hapawezi kutokea mgongano wa kanuni mbili, kwa kuwa faharasa ya zamani haikuletwa. Zipo tahadhari tatu. Itumike pg_dump ya toleo jipya kuisoma seva ya zamani, wala si kinyume. Ikumbukwe kwamba pg_dump haichukui majina ya watumiaji na idhini zao za kuingia, ambayo hutolewa kwa pg_dumpall. Tena, lolote linaloandikwa katika seva ya zamani baada ya utoaji kuanza halitakuwamo katika nakala, na kwa hiyo uandishi hauna budi kusimamishwa kwanza. Kwa hifadhidata ya idara, ambayo kwa kawaida si kubwa mno, kusimamisha kazi kwa saa chache si gharama ya kutisha, na njia hii ndiyo ifaayo kupendelewa.

Katika fungu hilo hilo imo njia ya kurudufu safu kwa safu, iliyoingizwa katika toleo la 10 mwaka 2017. Seva mpya hupokea mabadiliko kutoka kwa ile ya zamani huku kazi ikiendelea, nayo hujitunzia faharasa zake. Muda wa kusimama hupungua sana, lakini mabadiliko ya muundo wa majedwali hayapelekwi kwa njia hiyo, hivyo muundo usiguswe mpaka kazi iishe.

Katika fungu la pili imo pg_upgrade, ambayo huzichukua faili za data na faharasa zake kama zilivyo na kuzipandisha toleo. Ni njia ya haraka, na ikiwa mfumo wa uendeshaji haubadiliki haina ubaya kwa upande wa mpangilio. Hatari huja pale fundi anapobadilisha mfumo na toleo kwa pamoja. Isitoshe, pg_upgrade ikitumiwa kwa kuunganisha faili badala ya kuzinakili, seva ya zamani haiwezi kutumiwa tena kwa salama mara seva mpya inapowashwa. Katika fungu hili pia imo njia ya kunakili diski nzima, na ile ya kurudufu baiti kwa baiti. Zote mbili huileta faharasa ya kanuni ya kale katika nyumba ya kanuni mpya. Anayezitumia hana budi kuzijenga upya faharasa zote za maandishi kwa amri ya REINDEX kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kuandika.

6. Uhakiki kabla ya kufungua

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, uhamishaji wa salama hufuata hatua ambazo hazibadiliki sana. Kwanza hufanywa nakala ya akiba, nayo hurudishwa katika kompyuta nyingine ili ijulikane kwamba yarudishika. Nakala ambayo haijapata kurudishwa haiwezi kuhesabiwa kuwa ni kinga. Pili, safari nzima hufanywa kwa majaribio juu ya nakala hiyo, na muda wake hupimwa. Tatu, uandishi husimamishwa, na uhamisho wenyewe hufanywa.

Nne ni ulinganisho. Majedwali ya pande zote mbili huandikwa nje yakiwa yamepangwa kwa namba ya utambulisho ya kila ingizo, wala si kwa neno, maana mpangilio wa maneno ndio unaoshukiwa. Kisha hulinganishwa mstari kwa mstari. Faharasa hukaguliwa kwa amcheck, kifaa kilichoambatanishwa na PostgreSQL tangu toleo la 10, ambacho huthibitisha kwamba maneno yamepangwa kwa mujibu wa kanuni iliyopo. Tangu toleo la 11 huweza pia kuthibitisha kwamba kila ingizo la jedwali limo katika faharasa. Tano, seva ya zamani huachwa ikisomeka tu, bila ya kuandikwa, kwa muda uliokubaliwa. Yafaa kufahamika kwamba kurudi nyuma ni rahisi mpaka pale ingizo la kwanza linapoandikwa katika seva mpya. Baada ya hapo kila siku inayopita huongeza kazi ya kurudi.

Ikiwa madhara yamekwisha kutokea, na maneno yamekwisha kurudiwa, REINDEX itakataa kuijenga faharasa ya maneno yasiyopaswa kurudiwa. Kukataa huko ni msaada. Maneno yaliyorudiwa hutafutwa kwa kulisoma jedwali zima bila ya faharasa, na kuyaunganisha ni kazi ya mtaalamu wa lugha, kwa kuwa fundi hawezi kuamua kama maingizo mawili ya neno moja ni kosa au ni homonimu zilizotenganishwa kwa makusudi.

Kuna vishawishi viwili vya kuepukwa. Kimoja ni kusahihisha data katikati ya safari. Kwa mfano, itagunduliwa mara nyingi kwamba ng' imeandikwa mahali pengine kwa ritifaa iliyonyooka na mahali pengine kwa iliyopinda, ambazo kwa kompyuta ni alama mbili mbalimbali. Kasoro hiyo yastahili kurekebishwa, lakini kabla ya kuhama au baada yake. Ikirekebishwa katikati, ulinganisho wa pande mbili hautakuwa na maana. Cha pili ni kulinyamazisha onyo. Tangu toleo la 15, lililotolewa mwaka 2022, PostgreSQL hukumbuka toleo la kanuni iliyotumika katika hifadhidata na huonya likibadilika. Ipo amri ya kuliandikisha toleo jipya, na onyo hukoma. Amri hiyo haijengi faharasa yoyote. Anayeitumia kabla ya REINDEX atakuwa ameondoa onyo na kuiacha hatari.

7. Hitimisho

Watengenezaji wa PostgreSQL wamejitahidi kupunguza utegemezi ulioelezwa. Tangu mwaka 2017 kanuni zaweza kuchukuliwa katika maktaba nyingine iitwayo ICU, na toleo la 17 la mwaka 2024 lina kanuni yake ya ndani inayopanga kwa namba za alama. Lakini ICU nayo hubadilika, na mpangilio wa namba za alama, ingawa ni thabiti, haumfai msomaji wa kamusi. Njia ya kati ni kujenga faharasa za kutafutia kwa mpangilio wa namba, na kuacha mpangilio wa lugha utumike pale tu orodha inapotolewa kwa msomaji.

Lililobaki ni juu ya idara zenyewe. Fundi hawezi kujua mahali pa ng'ombe kama hakuna aliyemwambia. Idara yenye hifadhidata ya msamiati yapaswa kuwa na karatasi moja iliyoandikwa kanuni yake ya mpangilio, ikieleza ritifaa, kistari, mkwaju na herufi kubwa huhesabiwaje, pamoja na orodha fupi ya maneno ya kupimia iliyokwisha kupangwa kwa kanuni hiyo. Kabla ya kila uhamisho orodha hiyo ipangwe katika seva ya zamani na katika seva mpya. Majibu yakitofautiana, hatari imethibitika. Yakilingana, haijathibitika kwamba haipo, na faharasa bado zikaguliwe. Kuitayarisha karatasi hiyo ni kazi ya alasiri moja, nayo haihitaji ujuzi wa kompyuta, ila ujuzi wa lugha.